Mwongozo kamili wa kuendesha hadithi ya mashabiki kwa barua za mkono

Kila anayefuatilia hadithi za mtandaoni analijua neno arosto, ule uchu wa kutaka muendelezo. Mwandishi kakuwekea sehemu ya 14, dada wa watu kashika kitasa cha mlango, sauti ya ndani kaitambua, afu unakutana na "itaendelea", na huko chini watu wamejaa wanaandika "weka nyingine", "tunasubiri", "usitutese bwana". Mi naipenda sana hiyo hali, kwasababu inaonyesha watu wameguswa, ila ukiangalia vizuri mwandishi anaambiwa aongeze tu, haambiwi kile alichokwisha kuandika kimemfanya nini msomaji. Ndo maana nimeandika huu mwongozo. Kuna namna ya kuufaidi ushabiki wa hadithi ambayo inaanzia hapohapo kwenye hilo pengo, nayo ni kuandika hadithi kwa kupokezana kupitia barua, za mkono kabisa, bahasha na stempu, na sheria mama ni moja: huruhusiwi kuendeleza hadithi kabla hujamwandikia barua aliyekutangulia.

Kwa ambaye jambo lenyewe ni geni, hadithi ya mashabiki, wengine wanaiita fanfiki, ni ile unachukua wahusika uliowapenda kwenye hadithi au tamthilia au katuni unawaandikia mengine. Kilichotokea baada ya mwisho. Au yule mhusika mdogo aliyepita mara moja akabeba chai akaondoka, unampa maisha yake. Hakuna anayelipwa. Malipo ni majibu ya wasomaji.

Na barua ndo zilizozaa huu ushabiki wa pamoja. Mwaka 1926 kule Marekani Hugo Gernsback alianzisha jarida la hadithi za kisayansi, Amazing Stories, akawa anachapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao, basi wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe na vikundi vikazaliwa humo. 1967 mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya runinga ya safari za angani, wakatoa jarida lao la kwanza, na majarida ya namna hiyo yalisafiri kwa posta na barua za maoni zikirudi kwa posta hiyohiyo, zingine zinachapwa toleo linalofuata. Leo kuna tovuti ya hadithi za mashabiki, Archive of Our Own, wenyewe wanaiita AO3, inaendeshwa na watu wa kujitolea chini ya shirika lililoanzishwa 2007, ilifunguliwa kwa watu wote 2009, haina tangazo hata moja, na 2019 ikachukua tuzo ya Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi yenye jina la huyohuyo Gernsback aliyekuwa anachapa anwani za watu. Huku kwetu gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na washairi walikuwa wanajibizana humo, mmoja anatupa swali mwenzie wa mkoa mwingine anamjibu kwa shairi. Na wanachama wa salamu wa redioni na kadi zao, watu wanajuana majina miaka na miaka hawajawahi kuonana. Kwa hiyo hili jambo lina wenyewe, na sisi tumo.

Hatua ya kwanza: watu

Watano wanatosha. Wanne sawa. Wakifika nane kifurushi, yaani bahasha inayozunguka na kurasa zote za hadithi na barua zake, kinachukua miezi kumrudia wa kwanza na hamu inakufa. Watafute palepale unaposoma, angalia wanaoacha komenti ndefu, yule anayeandika "mi nahisi huyu mjomba anajua kitu" ni bora mara kumi kuliko anayesifia kila sehemu kwa neno moja. Mfuate inboksi kwa heshima, mweleze jambo lote, mwambie kabisa kwamba kutakuwa na gharama ya stempu na kazi ya kuandika kwa mkono, asije akakubali kwa kuona aibu.

Muwe watu wazima wote. Kama kuna mtoto wa sekondari anataka sana kuingia basi mzazi wake ajue, na barua zipitie kwa mzazi. Kila mtu ajichagulie jina la kalamu litakalotumika ndani ya hadithi na ndani ya barua, jina halisi litakaa juu ya bahasha tu. Anwani msizimwage kwenye grupu. Mratibu mmoja anakuwa nazo zote, afu kila mtu anapewa anwani moja tu, ya yule anayemfuata.

Hatua ya pili: hadithi ya kuanzia

Hapa watu wengi wanakimbilia tamthilia inayotamba na sio vibaya, ila kwa mzunguko wa kwanza nawashauri chukueni hadithi ya kale ambayo wote mnaijua na haina mwenyewe wa kugombana nanyi. Sungura na Fisi, Abunuwasi, au ile ninayoipenda mimi kuliko zote, Fumo Liyongo, yule shujaa mshairi wa pwani.

Hebu fikiria ilivyojaa nafasi ile hadithi. Liyongo yuko gerezani Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, anatunga maneno yake, kijakazi Saada anayabeba kichwani mpaka kwa mama yake Liyongo, na ujumbe ni kwamba mama atengeneze mkate wa wishwa, ule wa hovyo ambao walinzi wataudharau, ndani yake afiche tupa. Mkate unafika. Ngoma inapigwa, watu wanaimba, na chini ya kelele zile mfungwa anakata pingu. Sote tunamsifu Liyongo. Sasa Saada je? Yeye ndo kapita mbele ya walinzi na ile tupa, kama ingegunduliwa shingo iliyokuwa pale mlangoni ilikuwa ya kwake, na baada ya hapo hadithi haina habari naye tena. Afu kuna yule mtoto wa Liyongo aliyeahidiwa makubwa akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, usiku wa kuamkia siku ile alilala? Kuna wanawake wa mji waliokwenda kisimani wakamkuta Liyongo kapiga goti na upinde wake, wakaogopa kuteka maji, hawajui kuwa ameshakufa. Kila mmoja wa hawa ana hadithi nzima ndani yake na hakuna aliyemwandikia.

Kwa hiyo kikao chenu cha kwanza, hata kama ni kwa simu, ni kuamua swali moja la kuanzia. "Nini kilimpata Saada baada ya ule usiku" ni swali zuri. "Tuandike kuhusu Liyongo" ni pana mno, mtapotezana.

Mkichagua kazi ya mwandishi aliye hai, hasa hawa wetu wanaoandika mtandaoni na wanaibiwa kila siku, watu wanafuta jina lake wanaweka lao, muombeni ruhusa kwanza, mtajeni, na msiuze kitu.

Hatua ya tatu: makubaliano

Yaandikwe ukurasa mmoja na yasafiri ndani ya kifurushi. Mpangilio wa zamu. Kila mtu anakaa nacho muda gani, mimi naona wiki mbili ni haki, ina wikendi mbili ndani yake na mtu ana kazi na familia. Urefu wa kipande, mfano kurasa mbili hadi nne. Yale ambayo hayataandikwa kabisa, manake kuna mwenzenu kafiwa juzi au ana mambo hataki kukutana nayo kwenye barua anayoifungua kwa furaha, basi aseme mapema na asiulizwe sababu. Na kama mtu anataka kuua mhusika mkubwa, awatumie wenzake meseji kwanza.

Pia kuwe na karatasi ya wahusika: jina, umri, alama ya mwilini, nani anajua nini mpaka sasa. Kila mwandishi anaiongezea. Bila hiyo karatasi Saada atakuwa na dada kwenye kipande cha pili na kwenye kipande cha nne ni mtoto pekee.

Hatua ya nne: karatasi na peni

Tumieni karatasi za kuachana, sio daftari, kwasababu ya uzito. Karatasi ya A4 ya kawaida ya gramu 80, ile ya kwenye mashine za kopi, moja ina uzito wa gramu 5. Bahasha ndogo nayo ni kama gramu 5. Barua ya kawaida kipimo cha kwanza posta ni mpaka gramu 20, kwa hiyo karatasi tatu na bahasha umeshajaza, ukiongeza ya nne unahamia bei nyingine. Andika pande zote mbili. Karatasi za mistari za steshenari kwa kawaida ni nyepesi zaidi na zinamsaidia mtu ambaye mwandiko wake unapanda mlima.

Peni ya kawaida ya wino mzito, hizi za bei ya chini za kila duka, ndo bora kwa kazi hii. Jeli zinapendeza lakini nyingi zikiguswa na maji zinasambaa, na ukiishi Tanga au Mombasa na joto lile mkono wenyewe unatoa maji. Wale wenye mapenzi ya kupulizia barua marashi, najua raha yake, ila spirti ya kwenye pafyumu inayeyusha wino wa peni na mafuta ya attar yanaacha doa, kwa hiyo pulizia kikaratasi kidogo pembeni, kikauke kabisa, ndo ukiingize kwenye bahasha.

Acha pambizo pana upande wa kushoto, wenzako watataka kuandika humo vimaneno vyao, na hivyo vimaneno vya pambizoni vina raha yake ya peke yake, unarudishiwa ukurasa wako unakuta mtu kaandika kwa peni nyekundu "HAPANA!!" pale ulipomfungia Saada mlango. Weka namba za kurasa kwa mtindo wa 1/4, 2/4. Tarehe. Majina ya watu na ya miji yaandike kwa herufi zinazosomeka hata kama mengine yote ni mwandiko wa daktari.

Hatua ya tano: barua ya majibu, na hapa ndo penyewe

Kifurushi kimefika. Usianze kuandika sehemu yako. Soma yote, weka chini, fanya mambo yako, kesho yake soma tena ukiwa na peni. Halafu unamwandikia aliyekutangulia barua ya ukurasa mmoja. Watu wanaogopa hapa, wanasema mi sio mhakiki nitasema nini, na jibu ni kwamba uhakiki hautakiwi. Anza na salamu kama barua yoyote ya heshima, usiruke salamu. Mwambie ulikuwa wapi uliposoma. Kisha nakili kwa mkono sentensi yake moja iliyokushika, neno kwa neno, kwasababu mwandishi akiona sentensi yake kwenye mwandiko wa mtu mwingine anajua kabisa kwamba umekaa nayo, hakuna namna ya kunakili sentensi kwa mkono bila kukaa nayo. Sema ilikufanya nini. Uliza swali moja ambalo kweli unataka kujua. Bashiri kidogo. Funga.

Mfano, hii ni ya kuonyesha tu:

"Kwako Mpiga Mbiu, salaam nyingi sana kutoka Tanga. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliyemwacha Saada njiani na mzigo ule. Nimekusoma nikiwa nasubiri wali uive na nikasahau kupunguza moto, tumekula ukoko. Pale uliposema 'Saada hakuuliza mkate umekuwaje mzito, alifunga tu nguo yake vizuri akatoka', nilisimama, nikajua kuwa anajua. Nataka nikuulize, alishaamua tangu yuko jikoni kwa bibi au aliamua baada ya kuunyanyua? Mi nahisi yule mlinzi mdogo kamtambua kwa sauti. Usinijibu hilo la mlinzi, nitahangaika nalo mwenyewe zamu yangu. Wasalaam, Bint Pangani."

Umeona haina sifa hata moja ya "umeandika vizuri sana" na bado mtu akiipata hiyo anaweza kutembea nayo kwenye pochi mwezi mzima. Makosa ya herufi usiyaguse kama hujaombwa. Kama kuna kitu hakijakaa sawa kwenye mtiririko, kiulize kama swali, "yule kaka yake bado yuko Ozi au amesharudi?", mwenyewe ataelewa.

Hatua ya sita: kipande chako

Hapa sina mengi manake kila mtu ana namna yake. Andika rasimu nyuma ya daftari lolote au kwenye simu, ikikaa sawa ndo uhamishie kwenye karatasi safi. Wakati wa kuhamisha utajikuta unapunguza maneno, mkono unachoka na maneno ya ziada, na kipande kinakuwa kizuri zaidi. Usijibu maswali yote aliyoacha mwenzio. Mwachie anayefuata mlango mmoja wazi na usimwambie nyuma yake kuna nini.

Hatua ya saba: kutuma

Kabla ya kufunga bahasha, piga picha kila ukurasa. Kila ukurasa, mbele na nyuma, mchana karibu na dirisha bila flashi. Picha zikae kwako na kwa mratibu tu, zisiende kwenye grupu, wengine wasisome kabla ya zamu yao. Hii hatua usiiruke hata kama una haraka, ndo bima ya hadithi nzima.

Juu ya bahasha andika jina halisi la mpokeaji, lile la kwenye kitambulisho chake, S.L.P. na namba, kisha mji. Stempu kona ya juu kulia. Jina na anwani yako nyuma ya bahasha, ili isipompata mtu irudi. Kama huna sanduku lako, wengi tunatumia la kazini, la shule, la kanisani au msikitini, unaandika "kupitia" na jina la taasisi, ila omba ruhusa kwa anayeshika ufunguo na umwambie unategemea barua, asije akaiweka kwenye droo ya zisizo na mwenyewe. Tanzania kuna huduma ya Posta Kiganjani na Kenya kuna MPost ambapo namba yako ya simu ndo inakuwa anwani, inawafaa sana wanaohamahama.

Kifurushi kikishapita watu watatu kina karatasi nyingi, usibahatishe stempu, peleka kaunta wapime. Mi nashauri rejista kwa kifurushi kikubwa, unapewa risiti yenye namba, unaitumia namba hiyo kwa mpokeaji kwa meseji. Barua ndogondogo za pembeni zitume za kawaida tu. Na kama mpo mikoa yenye mabasi ya moja kwa moja basi bahasha ya kaki inaweza kwenda kwa basi, unaiacha ofisi ya vifurushi, unaandika jina na simu ya mpokeaji, kesho anaichukua stendi. Ni haraka, ila mjue kwamba hapo mnakosa stempu, na kuna watu kwenye kikundi watakuwa wanazikusanya.

Mwenzenu akiwa Muscat au Ujerumani msimtumie kifurushi chenyewe. Mratibu amtumie picha, yeye aandike kipande chake na barua yake kwa mkono atume bahasha moja nyepesi, ichomekwe kwenye kifurushi ikifika.

Kifurushi kikikurudia mzunguko wa pili, toa zile barua ulizoandikiwa wewe, hizo ni zako, weka mpya. Kwa namna hiyo mzigo hauvimbi mpaka ushindwe kutumika.

Hatua ya nane: mtu akikwama

Atakwama mmoja, ni kawaida kabisa, maisha yanaingia. Wiki mbili zikipita mratibu apige simu, asiandike kwenye grupu mbele ya watu. Mpeni mambo mawili ya kuchagua: aongezewe wiki moja, au aandike barua ya majibu tu bila kipande na apitishe kifurushi mbele. La pili linaokoa wengi, kwasababu mara nyingi mtu anaogopa ukurasa mweupe lakini kumwandikia mwenzie barua anaweza. Kifurushi kikipotea kabisa mratibu achapishe zile picha, mzunguko uendelee na nakala, msimlaumu aliyetuma.

Hatua ya tisa: hadithi ikiisha

Amueni mapema mtaishia mzunguko wa ngapi, miwili inatosha kwa hadithi yenye nguvu, na wa mwisho apewe nafasi ya kurasa za ziada. Kisha pigeni kopi, kila mtu apate seti nzima, na karatasi halisi pigeni kura aende nazo nani. Barua za majibu haziingii kwenye kopi, zile ni za mtu na mtu.

Mkitaka kuiweka hadharani, AO3 inafaa. Kusoma hakuhitaji akaunti, ila kupandisha kunahitaji, na akaunti inaombwa kwa kujiweka kwenye foleni ya mwaliko, kwa hiyo aombe mmoja mapema wakati bado mnaandika. Kwenye lugha chagua Kiswahili, kimo kwenye orodha, na wakati unaandika tagi taja wahusika na yale ambayo msomaji angependa kuonywa, kifo, kufungwa, na kadhalika. Wasomaji wenu waambieni kuna kitufe cha kudaunilodi, EPUB au PDF, mtu anaishusha kwenye waifai ya mahali anasoma nyumbani bila bando. Wekeni majina ya kalamu ya wote kwa mpangilio wa zamu, na kila kipande kionyeshe kimeandikwa na nani. Kama kuna mmoja hataki kipande chake kiende mtandaoni, kitoeni, na yeye mwenyewe aandike mistari miwili mitatu ya kuunganisha pale kilipokuwa, msimwandikie.